Mashine Isiyosalimiwa

Asubuhi Tusekile huanza na kuku, hufuata kakao, humalizia na vyombo. Ijumaa hiyo alifungua banda, akatandaza mbegu za kakao juu ya mkeka, akazigeuzageuza kwa mkono zikauke pande zote, kisha akatazama milima ya Livingstone ng'ambo ya ziwa. Wingu likikaa kule juu, Ikolo nzima hukimbilia kuanua. Leo wingu halikuwepo. Akasugua sufuria, akavaa sare, akaenda shule.

Alikuwa darasa la sita, na darasani alisifika kwa jambo moja tu: majibu. Ukimuuliza sehemu za ua, anazitaja zote bila kumeza mate, na hajawahi kupasua ua hata moja. Maboga yalichanua nyuma ya darasa lao mwaka mzima, na hakuna aliyekwenda kuyaangalia. Wenzake walinakili kwake, wengine wakanakili kwa walionakili kwake, na wote wakaandikiwa vema. Elimu ya namna hiyo haiwashi hata jiko la mkaa, lakini mwisho wa muhula watu huipigia makofi.

Kaka yake, Aliko, alikuwa kinyume chake. Aliishia darasa la saba, hana cheti cha ufundi. Alikaa miaka mitatu Kasumulu, mpakani, kwanza akipakia magunia kwenye malori, halafu chini ya Fundi Nsajigwa aliyekuwa akitengeneza malori yaliyokwama kwenye foleni ya forodha. Huko alijifunza injini, na huko alipata tabia iliyowachekesha watu wa Ikolo. Kabla hajagusa mashine yoyote, Aliko huisalimu.

"Ugonile," huiambia, kama mtu anavyomwamkia jirani asubuhi. Umelalaje? Kisha haondoki hapo. Huweka kiganja juu ya chuma, huchomoa kijiti cha kupimia oili akakitazama, huangalia maji, huangalia dizeli, huzungusha gurudumu la injini kwa mkono na kutega sikio. Fundi Nsajigwa alimfundisha kwamba mtu akija kwako akaanza kukupasua tumbo kabla ya kukuuliza umeamkaje, utamfukuza. Mashine haina miguu ya kumfukuza mtu, kwa hiyo hufa.

Wakati huo chama cha wakulima pale Ikolo kilikuwa kinatafuta fundi wa mashine yao ya kukoboa mpunga. Aliko alipeleka jina. Akamwambia mama yake na Tusekile, "Nikipata, nabaki hapa. Nikikosa, Jumatatu narudi Kasumulu kubeba magunia." Fundi Nsajigwa alikuwa ameshahamia Malawi, kwa hiyo magunia ndiyo pekee yaliyobaki kule.

Tusekile hakusahau ile miaka mitatu. Kaka alionekana Krismasi tu, na mama alipandikiza mpunga peke yake, maji magotini, mgongo ukimkatika. Kwa hiyo aliitaka kazi ile kuliko hata Aliko mwenyewe alivyoitaka.

Mchana wa Ijumaa, alipotoka shule, alikwenda nyuma ya banda la mashine kuzoa pumba za kuku kama kawaida yake. Ukuta wa banda ni wa mbao, na mbao zina nafasi. Ndani walikuwa watu wawili. Mmoja alikuwa Mzee Angetile, mwenyekiti wa chama, mtu mwema anayependa sana karatasi. Mwingine alikuwa Bi. Anitha, fundi mitambo mwenyeji wa Tabora aliyehamishiwa Kyela kikazi. Chama kilikuwa kimemwomba aje kuwapima waombaji.

"Binti yangu, mimi nimeandaa maswali ishirini," alisema Mzee Angetile. "La kwanza: nini maana ya injini?"

"Mzee wangu, shikamoo tena kwa swali hilo," alisema Bi. Anitha. "Sasa mtu akikujibu vizuri, mpunga utakobolewa?"

"Tutajua kwamba ana elimu."

"Utajua kwamba ana mdomo. Kasuku naye anao. Uliza maswali yako, sikukatazi, mkimaliza mimi nitampeleka kila mmoja kwenye mashine. Nitaikata pumzi kidogo. Naweka kitambaa ndani ya bomba la dizeli, hapa chini ya filta. Haitawaka. Mwenye akili atakitafuta. Halafu kuna jambo la pili..."

Tusekile hakungoja jambo la pili. Alikuwa ameshapata jibu, na maisha yake yote alikuwa amefundishwa kwamba ukishapata jibu, kazi imekwisha. Aliacha gunia la pumba palepale, akakimbia nyumbani.

Alimkuta Aliko akinoa jembe. Akamwambia yote kwa pumzi moja: kitambaa, bomba la dizeli, chini ya filta.

Aliko aliweka jembe chini. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimesikia mwenyewe."

"Ungenyamaza nalo, Tuse. Nilikuwa nataka kwenda nikiwa mweupe, sijui lolote. Sasa nitalitoaje kichwani?"

"Usilitoe, kaka. Wewe litumie. Au unataka kurudi kwenye magunia?"

Aliko alichukua jembe, akaendelea kunoa upande uleule uliokuwa umeshanoleka.

Jumamosi watu walijaa uwanjani mwa chama. Wanakijiji wetu hawaendi mkutano wa choo cha shule, lakini kutazama mtu akiulizwa maswali wanafunga hata maduka. Waombaji walikuwa wawili. Mmoja Aliko, shati la bluu lililopigwa pasi na mama yake. Mwingine Vitus, kijana aliyekuja na bodaboda kutoka Mbugani mjini, tai shingoni, viatu vinavyong'aa, na faili lenye vyeti kumi na kimoja. Alikaa akiwa ameliweka faili mapajani kama mtu aliyepakata mtoto.

Mzee Angetile akafungua daftari. "Nini maana ya injini?"

Vitus akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. "Injini ni chombo ambacho hubadilisha nishati ya mafuta kuwa nishati ya mwendo kwa kufuata hatua nne, ambazo ni kunyonya, kukandamiza, kulipua na kutoa."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliuliza jirani yake amesema nini, jirani akasema hajui, lakini amesema vizuri. Vitus alijibu maswali yote ishirini. Aliko alijibu saba. Alipoulizwa nini maana ya injini, alisema, "Ni hii hapa ndani, mzee, twende nikuoneshe," na watu wakacheka. Mzee Angetile alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika saba.

"Sasa twendeni kwenye vumbi," alisema Bi. Anitha.

Alimwingiza Vitus kwanza. Akamwambia mashine haiwaki, atafute kwa nini. Vitus alisimama hatua mbili kutoka kwenye injini, akaiangalia kama mgeni anavyoangalia mbwa asiyefungwa.

"Msaidizi yuko wapi?" aliuliza.

"Msaidizi wa nini?"

"Wa kuzungusha hendeli. Mimi nasimamia."

"Sisi tumetangaza nafasi ya fundi. Msimamizi tunaye, ni mzee huyu mwenye daftari."

Vitus aliinama kidogo, akaishika tai isiguse grisi. "Kwa uzoefu wangu, hapa nozeli imekufa. Inunuliwe mpya."

"Umeigusa?"

"Haina haja. Dalili zinajieleza."

"Haya, asante sana. Nozeli ni nzima, nimeitia mwenyewe juzi. Toka taratibu, usichafue viatu."

Watu waliokuwa wakichungulia kwenye mbao walicheka, walewale waliopiga makofi. Mzee Angetile hakucheka. Alimnong'oneza Bi. Anitha kwamba kijana ana vyeti kumi na kimoja. Bi. Anitha akamjibu kwamba ameviona, na kwamba vinafaa kupepea jiko.

Ikawa zamu ya Aliko. Tusekile alikuwa amebana jicho kwenye nafasi yake ya jana. Moyo wake ulitulia kabisa, kwa sababu jibu lilikuwapo.

Aliko aliingia, akachukua spana, akaenda moja kwa moja kwenye bomba la dizeli chini ya filta. Akalegeza nati, akavuta bomba, akachomoa kitambaa. Hata chai isingepoa. Akarudisha bomba, akakaza, akashika hendeli ili awashe.

"Simama," alisema Bi. Anitha, na akamshika mkono.

Bi. Anitha alichomoa kijiti cha oili, akakiinua juu watu wote wakione. Kilikuwa kikavu. Kisha akasogeza gunia lililokuwa kando ya ukuta, na nyuma yake palikuwa na dumu la oili nyeusi.

"Niliimwaga yote asubuhi," alisema. "Hilo ndilo jaribio lenyewe, kitambaa ni danganya toto. Anayewasha injini bila kutazama oili huyo si fundi, huyo ni muuaji. Ungezungusha hiyo hendeli ikawaka, kabla ya adhuhuri chama hiki kisingekuwa na mashine."

Aliko aliachia hendeli.

"Na jambo lingine," Bi. Anitha aliendelea, sauti imeshuka na imekuwa mbaya zaidi. "Mtu asiyejua injini ina nini huanza kwa kutafuta. Wewe hukutafuta. Ulikwenda kwenye kitambaa kama mtu anayekwenda chumbani kwake. Nani alikwambia?"

Aliko alitazama chini. Mwanamke mmoja mle ndani, Mama Queen, anayepima mpunga kwenye mashine hiyo, alisema polepole, "Aliko, hata hujaisalimu leo. Wewe kila mashine unaisalimu, sisi tunakucheka. Leo imekuwaje?"

Aliko alikikunja kile kitambaa mkononi.

"Anaiba majibu," alisema Vitus kutoka mlangoni. Alikuwa amepata nguvu mpya. "Mimi angalau nimesoma."

"Tumwandike kijana wa Mbugani, yaishe," alisema Mzee Angetile, na akafungua kalamu.

Tusekile aliiona kalamu ile, na akaona Jumatatu, na Kasumulu, na mama yake ndani ya maji. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba kaka yake alikuwa anaitwa mwizi, naye anaweza kujitetea kwa neno moja tu na halisemi. Akazunguka banda, akaingia mlangoni, akampita Vitus.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bi. Anitha. "Ni mimi. Nilisikia jana nikizoa pumba, nikamwambia. Yeye alinigombeza. Alisema alitaka kuja akiwa mweupe."

Bi. Anitha alimtazama kuanzia miguuni mpaka juu. "Wewe ndiye mwenye gunia la pumba lililoachwa nyuma?"

"Ndiyo."

"Hata pumba zenyewe hukuzimaliza. Ulisikia nusu, ukakimbia na nusu, ukampa nduguyo nusu. Umemsaidia sana. Alikuja na kichwa cha fundi, ukakitoa, ukamwekea kitambaa."

Tusekile alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Ikolo hufanya hivyo kiangazi tu. Alibaki amesimama.

"Nawe," Bi. Anitha alimgeukia Aliko, "usijifiche nyuma ya mtoto. Yeye alisema, lakini aliyeshika spana ni wewe."

"Ni mimi," alisema Aliko. "Sina la kujitetea. Niliogopa kukosa, nikafuata njia ya mkato." Akaifuta spana kwa kitambaa kilekile, akairudisha mezani, akaanza kutoka.

"Nimekuruhusu uende?" aliuliza Bi. Anitha. "Mzee Angetile, hili jaribio limekufa. Jibu likishatoka nje, hupimi tena mtu, unapima masikio ya dada yake. Ile mashine ya zamani pale pembeni ina muda gani haifanyi kazi?"

"Mwaka wa pili sasa," alisema mzee.

"Ina ugonjwa gani?"

"Nani ajuaye?"

"Basi hilo ndilo jaribio. Hata mimi jibu sina, kwa hiyo hakuna wa kuliiba. Wote wawili. Vitus, anza."

Vitus aliitazama ile mashine iliyojaa utando na vinyesi vya kuku. Alisema kwamba kwa hali ilivyo inatengenezeka bila wasiwasi wowote, wamwachie wiki moja, atakuja na vijana wake. Hakuigusa. Bi. Anitha alimuuliza itatengenezwa kitu gani, akasema, "Mfumo mzima." Bi. Anitha akamshukuru kwa mara ya mwisho. Bodaboda ikasikika ikiondoka na vile vyeti kumi na kimoja, bila doa hata moja.

Aliko alivua shati la pasi, akampa Tusekile alishike. Akachukua ufagio, akaondoa utando. Kisha akaweka kiganja juu ya chuma.

"Ugonile," alisema, kwa sauti ya chini.

Safari hii hakuna aliyecheka. Akaangalia oili, ilikuwapo, imeganda kama uji. Akaangalia maji, hakuna. Dizeli ilikuwa imechacha, akaimwaga, akatia mpya kidogo. Akalegeza bomba, dizeli ikaja vizuri. Halafu akashika gurudumu, akalizungusha kwa mkono. Likazunguka laini, kama la baiskeli iliyopinduliwa. Akasimama, akalizungusha tena, sikio karibu.

"Haina kompresheni," alisema. Akamwona Tusekile hajaelewa, akamweleza bila kuacha kazi. "Humu ndani kuna pistoni inayokandamiza hewa. Ikikandamiza vizuri, gurudumu hukataa, linakusukuma mkono. Hili halikatai. Hewa inapotea mahali."

"Mahali gani?" aliuliza Tusekile.

"Ningejua nisingekuwa natafuta."

Alifungua nozeli, ile inayopulizia dizeli ndani ya injini, akamimina ndani ya lile tundu vijiko viwili vya oili safi, akairudisha, akazungusha. Safari hii gurudumu likakaza kidogo, likamsukuma mkono. Akazungusha mara nyingine, likalegea tena. Tusekile alimwona kaka yake akitabasamu, na hakuelewa mtu anafurahi nini na mashine haijawaka.

Jua lilikuwa limeshapita utosini. Aliko alijifuta mikono, akasimama mbele ya Bi. Anitha na Mzee Angetile.

"Haitawaka leo," alisema. "Oili imeziba nafasi kidogo, ndiyo maana ilikaza, halafu ikavuja. Ringi za pistoni zimekwisha. Zinatakiwa mpya, na pengine silinda imelika pia, hilo sitalijua mpaka niifungue. Nikisema naweza kuiwasha leo, nitakuwa nadanganya mara ya pili siku moja."

Bi. Anitha alishika gurudumu mwenyewe, akamimina oili mwenyewe, akazungusha. Akarudia. Kisha akachukua daftari la Mzee Angetile, akafuta ile saba.

"Huyu ndiye," alisema.

"Lakini mashine haijawaka," alisema Mzee Angetile.

"Mzee wangu, haiwezi kuwaka. Na aliyekwambia ukweli huo ni nani? Yule wa tai alisema inatengenezeka bila wasiwasi. Mnaajiri mtu wa kuwafurahisha au mtu wa kuwakobolea mpunga?"

Mzee Angetile alitazama mashine, akatazama daftari lake la maswali ishirini, akalifunga. "Miezi mitatu ya kuangaliwa," alisema. "Kwa sababu ya lile la kitambaa."

"Miezi mitatu ni haki yake," alisema Bi. Anitha. "Kijana, siku utakayowasha bila kupima oili, nitakuja kukutoa mimi mwenyewe."

"Ndaga fijo," alisema Aliko, na kwa kuwa Bi. Anitha hakuwa mwenyeji, akaongeza, "Asante sana."

Tusekile alikuwa bado ameshika shati, amelikunja mpaka pasi yote imekwisha. Bi. Anitha alimwita.

"Unasoma darasa la ngapi?"

"La sita."

"Unajua sayansi?"

Juzi angejibu ndiyo. "Najua majibu," alisema.

"Sasa sikiliza vizuri, na leo usikimbie kabla sijamaliza. Jibu la mtu mwingine halikusaidii kitu mashine ikibadilika, na mashine hubadilika kila siku. Ukiiba jibu, unajiibia mwenyewe ile kazi ya kutafuta, na kazi ya kutafuta ndiyo inayomfanya mtu awe fundi, au mwalimu, au daktari. Kaka yako nusura apoteze kazi anayoiweza kwa sababu alipewa asichokihitaji. Na wewe ulisema kweli ulipoona kalamu, si kabla. Siku nyingine usingoje kalamu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Tutaona. Kila Jumamosi utakuja hapa kupima oili kabla kaka yako hajawasha. Leo utaanza. Dumu lile pale, mashine ile pale."

Aliko aliirudisha oili kwenye ile mashine inayofanya kazi. Tusekile alisogea, akaikumbuka tabia ya kaka yake, akaona haya kwa sababu uwanja mzima ulikuwa unatazama. Hata hivyo aliweka kiganja juu ya chuma.

"Ugonile," alisema.

Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akakitazama kwa muda mrefu, upande huu na upande ule.

"Imejaa?" aliuliza Aliko.

Tusekile alitaka kusema ndiyo, kama alivyozoea. Akakitazama tena.

"Bado," alisema. "Imefika chini ya alama. Ongeza."

Aliko aliongeza. Tusekile akapima mara ya tatu, ndipo akampa kaka yake hendeli.